Mgeni Aliyeikataa Kahawa Yako

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu kutoka huku Mombasa. Mimi sijambo, ila nimekonda kwa kukosa mapishi yako. Wewe je, goti limepoa?

Mama, nyumba ni yetu! Hainadiwi tena! Kaa kitako nikusimulie.

Wamkumbuka Mzee Karimu, yule mwamuzi tuliyemchagua sisi na watu wa bima pamoja, aje kutazama bohari letu la ufuta lililoungua? Ulimwandalia kahawa na samaki wa kupaka, akaweka mkono kifuani akakataa, akanywa maji ya chupa yake. Ukanuna kutwa: "Huyu atuona najisi?" Basi alipoamua tulipwe, watu wa bima wakakimbilia mahakamani, wataka uamuzi wake utenguliwe. Jana ndipo kesi iliposikilizwa.

Jaji akawaambia, "Sikuketi hapa kuanza upya. Mwamuzi mlimchagua wenyewe, na alichoamua kitawafunga hata kikiwauma. Nitakitengua tu mkinionyesha kuwa alipendelea."

Wakili wao akadakia, "Alishinda nyumbani kwao, bwana jaji! Na nyumba ya Mswahili haimwachi mgeni na njaa."

Lo! Hilo ni kweli tupu. Nikaiona nyumba uliyotuzalia, tuliyoiweka rehani kwa ajili ya ufuta ule, ikipigiwa mnada.

Mzee Karimu akaitwa. Jaji akamuuliza, "Ulikula kwao?"

"Sikula."

"Hata kahawa?"

"Hata kahawa. Bibi mwenye nyumba alinikasirikia, nadhani hata leo hajanisamehe. Aliyekula ni yule pale, mtu wa bima niliyefuatana naye. Alikula, akaomba aongezwe."

Watu wakaangua kicheko. Yule bwana akainama akitazama viatu vyake, wakili akaketi. Jaji akasema uamuzi utabaki kama ulivyo.

Wallahi mama, sijaona mtu mwenye msimamo kama yule mzee. Kuinusa kahawa yako na kuikataa si mchezo! Nje nikamshika mkono nimbusu, akauvuta.

"Kesi imekwisha kabisa?" akaniuliza.

"Naam, imekwisha."

"Basi mwambie mamako naja Malindi. Njaa ya siku ile ningali nayo."

Nisalimie dada Mwanaisha, aliyempaka samaki yule, na ami Mbwana, aliyelilinda bohari letu hata lilipokuwa majivu.

Nuna ukipenda, mama, lakini weka mdila wa kahawa motoni.

Mwanao,
Shee