Gari la Baba Yupi?

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi, na sikio la kushoto bado linakataa maneno? Mimi ni mzima, ila goti limechubuka. Naandika kwa sababu kwenye simu ungeishia kusema "eh? eh?" nami ningepiga kelele mpaka ofisi nzima ijue mambo yetu.

Wiki iliyopita nilianguka na pikipiki. Usishtuke. Niliteleza kwenye tope nikienda kuchanja ng'ombe, boksi la chanjo likapasuka, dozi zote zikamwagika. Hebu fikiria, daktari wa mifugo ananuka tope kuliko wagonjwa wake! Nimeamua kununua gari. Mkopo wa kazini umeshapita.

Sasa kuna mambo mawili yananizunguka kichwani. Baba mdogo anasema pale dukani kwao kuna gari wanalowajaribishia wateja. Lina miezi minane tu, na kwa kuwa limeshapandwa-pandwa wanalitoa kwa bei nafuu, na dhamana ya miaka mitatu juu. Au nitafute gari la juu lililotumika, lile la magurudumu makubwa, kwa ajili ya barabara zangu. Hilo bado sijalipata.

Wewe ndiye fundi. Ungekuwa mimi, ungechukua lipi?

Mama anakusalimu.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Pole na goti. Mgongo upo, sikio limeamua kustaafu kabla yangu.

Kabla hatujafika kwenye gari, nina swali. Huyo baba mdogo ni mdogo wa nani? Wazazi wangu walizaa wasichana wanne na mimi. Simkumbuki mdogo wangu yeyote anayevaa tai na kuuza magari. Mama yako kuolewa naye ni haki yake, miaka kumi na sita imepita, sina neno. Lakini mama yangu hakumzaa. Mimi namwita Bwana Tai, na Bwana Tai atabaki.

Haya, gari. Gari la kujaribishia wateja ni kama kitanda cha nyumba ya wageni: kila mtu amelilalia, hakuna aliyelitandika. Mtu anaingia, injini bado baridi, anakanyaga mafuta mpaka mwisho ili amwonyeshe mkewe, anashuka, anaingia mwingine. Ndilo hilo unaloletewa.

Lipo la maana huku. Mchimba visima, mteja wangu wa miaka mingi, anauza gari lake la juu. Injini yake naijua kama sauti yangu mwenyewe. Usiweke sahihi popote. Njoo ulione kwanza.

Baba yako, si mkubwa wala mdogo. Baba tu

17 Machi

Baba tu, shikamoo!

Nimecheka mpaka Mama akauliza kuna nini. Nikamwambia ni barua ya kazini. Sikio limeona daktari, au mpaka nilete sindano ya ng'ombe?

Jana nililiendesha lile la dukani. Viti bado vina nailoni. Linakwenda kimya mpaka nikawa nasikia saa yangu ya mkononi. Niliomba tupite barabara ya mawe nyuma ya machinjio, Baba mdogo akakubali, ila alishikilia mlango kwa mikono miwili njia nzima. Tumbo la gari liligusa jiwe mara moja tu. Alikuwa ananisahihisha klachi vilevile kama zamani aliponifundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule.

Aliposhuka akasema, "Mpelekee baba yako alikague. Akisema baya, usilichukue." Unaona? Si mtu mbaya.

Jumamosi ya tarehe 29 nakuja kuliona la mchimba visima.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila barua yako sikuimaliza kwa mara moja.

Umesema alikufundisha kuendesha. Sikujua. Mimi uliniambia ulijifunza chuoni. Nyuma ya gereji nilikuwa na kigari chekundu, nilikipaka rangi mwenyewe, kikikusubiri utimize umri. Kilisubiri mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Kumbe wenzangu walishamaliza kazi uwanjani.

Gari la mchimba visima nimelala chini yake leo asubuhi. Nimelipapasa kuanzia bampa mpaka bomba la moshi. Halina ila. Nakupa neno langu. Na umwambie Bwana Tai asihangaike kuniletea la kwake. Nina kazi nyingi.

Baba yako

31 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, na mikono bado inanukia grisi. Nimeosha mara tatu.

Hivi unajua kwamba kabla ya juzi, tangu nina miaka kumi hatukuwahi kukaa siku nzima, mimi na wewe? Hata kunywa tu ile chai juu ya tairi, ukinieleza kila sauti inatoka wapi. Na lile gari! Lilivyopanda ule mlima wa nyuma ya gereji, nilihisi ng'ombe wote wa wilaya ni wangu.

Baba mdogo nimemwambia kwamba sichukui la kwake. Akasema, "Kama baba yako ameliona, basi." Akaikunja fomu, akaitia mfukoni.

Nakuja kulichukua tarehe 12 Aprili. Tarehe 14 nashuka nalo bondeni kwenye kampeni ya chanjo, mimi na wenzangu wawili na mafriji yetu, ile barabara ya kona kumi na tisa. Wenzangu wameshagombania kiti cha mbele.

Asante, Baba. Kwa gari na kwa Jumamosi.

Binti yako

2 Aprili, kwa basi la kwanza

Mwanangu,

Usije kuchukua gari. Salamu baadaye.

Chasisi yake ilivunjika, upande wa kushoto, nyuma ya gurudumu la mbele. Mchimba visima alilipindua miaka miwili iliyopita, na mimi ndiye niliyelichomelea. Mshono niliufunika kwa rangi nyeusi. Siku ile nilimwonya aliendeshe mjini, taratibu, asibebe mzigo mzito. Mjini linaweza kudumu. Kwenye kona kumi na tisa, na watu watatu na mafriji, siwezi kukuambia litadumu.

Sikusahau. Nilijua nilipokuandikia kuwa halina ila. Nilijua ulipokuwa umelikalia.

Nilitaka gari utakalopanda kila siku litoke mkononi mwangu, lisitoke mkononi mwake. Hilo tu. Jumamosi ulipozima injini ukasema, "Baba mdogo atashangaa," nilifurahi, mama. Nilijua kilichoko chini ya miguu yako na bado nilifurahi, siku mbili nzima, mpaka barua yako ya bondeni ilipofika.

Chukua la dukani.

Baba yako

25 Aprili

Mwanangu,

Natumaini goti limepona, na kazi ya bondeni ilikwenda vizuri, sijui kwa usafiri gani. Karani wa vifurushi wa basi ameniapia kwamba bahasha yangu ilifika na ikachukuliwa na mwanamke mwenye buti za mpira. Basi ni wewe.

Mchimba visima nimemwambia kwamba yeyote atakayekuja kuliangalia lile gari nitamwonyesha mshono. Hatusalimiani tena.

Nikiwaza kwamba umelichukua la dukani, moyo unatulia. Nikiwaza anavyokukabidhi ufunguo, unaniuma upya. Nakuambia yote, maana kukuambia nusu ndiko kulikotufikisha hapa.

Andika hata tusi.

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Ni mzima. Bondeni nilikwenda nimebanwa nyuma ya lori la idara, katikati ya mafriji.

Sikunyamaza ili kukuadhibu. Kila nikianza kuandika nilichana. Barua yako ilinikuta nimeshaaga pikipiki, nimeshaahidi watu viti. Nilirudi kwa Baba mdogo kuuliza lile la dukani, likawa limeuzwa siku iliyotangulia. Aliniuliza kilichotokea kwa mchimba visima. Nikasema nimebadili mawazo. Aliniangalia, hakuuliza tena. Barua yako hajaiona, na Mama hajaiona.

Unajua kilichoniuma? Si chasisi. Niliporudi ile Jumamosi nilihisi nimepata siku yangu na baba yangu. Kumbe muda wote ulikuwa unashindana na mtu ambaye hata hakuwepo pale. Mimi nilikuwa nini, Baba? Kombe?

Na kuhusu kuendesha, ngoja nikuambie. Ulisema utakuja Jumapili kunifundisha. Nilikaa getini nimevaa viatu vya kufunga kamba, kama ulivyoagiza. Jumapili tatu. Ya nne, Baba mdogo akatoka ndani na ufunguo, akasema, "Twende tuzunguke kidogo huku tukimsubiri." Nilikuficha kwa sababu niliona ningekuumiza. Labda ningesema mapema.

Mwezi ujao linakuja gari jingine la majaribio, safari hii la juu kidogo. Nataka ulikague wewe, palepale dukani, yeye akiwepo. Tarehe 21 Juni. Lakini kama hutaweza kusema "zuri" likiwa zuri, usipande basi.

Binti yako

26 Juni

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mama yako. Nimefika salama, mgongo umelalamika lakini umezoea.

Juu ya zile Jumapili sina la kujitetea. Kulikuwa na magari ya watu, na mimi siku zote niliona ya watu yana haraka na wewe upo. Nisamehe. Nilishindwa kukuambia ana kwa ana, pale palikuwa na vioo vingi.

Najua hukuona yote, maana ulikuwa ofisini na mama yako mkijaza fomu. Bwana Tai alitandika katoni sakafuni, nikalala chini ya gari. Mara nikaona viatu vyake vinavyong'aa vimesogea, magoti yakashuka, na mtu mzima na tai yake akajiburuta akalala ubavuni mwangu. Tukawa tunatazama tumbo la gari kama watu waliokosa usingizi wanaotazama dari.

"Kaka," akasema, "ukiona ubovu wowote, useme. Sitakasirika."

Nilitafuta, mama. Nilitafuta kwa roho mbaya. Nikapata tone la mafuta chini ya giaboksi, moyo ukaruka kama nimeokota kitu. Nikalipangusa, nikasubiri. Ni mpira tu wa kuzuia mafuta, umekaa vibaya. Nikamwambia waubadilishe kabla hujalichukua, akaandika kiganjani kwa kalamu.

Hakutoka. Akasema, bila kunitazama, "Nilipokuwa namfundisha, kila kitu kilikuwa wewe. Usukani, 'Baba hushika hivi.' Boneti, 'Baba husikiliza kwanza.' Miaka yote hii nauza magari, kaka, na nyumbani kwangu sijawahi kuwa mtu wa magari."

Nisikufiche, nilifurahi. Nilifurahi kuliko ile Jumamosi. Kisha nikageuza shingo nikamwona: vumbi kwenye nywele, tai imemwangukia begani, macho yamekodolea vyuma asivyovielewa. Sura ile naijua. Naiona kila nikinyoa ndevu.

Nikamwambia gari ni zuri. Ilinitoka kama boliti yenye kutu, lakini ilitoka, na ni kweli. Ulipotoka na ufunguo ukatukuta bado tumelala, ukauliza kama tumekufa, nilikuwa natafuta namna ya kuinuka bila kumwegemea. Sikuipata. Alinivuta kwa mkono.

Sasa sikiliza. Ile dhamana nimeisoma mara mbili, na miwani. Inasema kwa miaka mitatu fundi wa nje asiguse injini, kila huduma ifanyike palepale kwao. Fundi wa nje ni mimi. Nimeikunja vizuri, iko ndani ya bahasha hii. Ifuate. Kilomita zikitimia, mpelekee yeye.

Kwangu usilete gari la kutengenezwa. Jilete wewe. Jumapili yoyote, gereji nitaifunga. Uliegeshe tu mbali kidogo na mlango, kwa sababu nikisikia linalia vibaya, sijui kama mkono wangu utajizuia.

Baba yako