Nywele za Mtoto wa Watu

Dada mpenzi Kathure,

Pokea salamu za Isiolo, huku vumbi linaingia mpaka kwa chai. Mimi na Mutuma tulifika kambi ya jeshi salama. Baba Mutuma alimshika mtoto wake mara ya kwanza, akampapasa kichwa, akapiga magoti hapo hapo kwa geti. "Mungu amejibu! Ana nywele!" Wenzake wakaja mbio: "Haleluya, koplo!" Kumbe kila asubuhi kabla ya gwaride alikuwa akiweka ile picha ya mtoto uliyomtumia juu ya kofia yake ya chuma, wote wakimwombea mtoto aote nywele. Nikaiangalia. Dada, huyo mwenye kipara si Mutuma! Mpiga picha alikupa bahasha ya wengine, nawe ukaituma bila kufungua.

Niliogopa kuvunja imani yake, lakini nikamwambia. Akacheka mpaka machozi. "Basi tumemwombea mtoto wa watu miezi minane. Maombi hayapotei."

Mungu akuchunge, dada yangu, tunakupenda sana. Ukienda sokoni, muulize mpiga picha yule mtoto mwenye kipara ni wa nani. Ukimpata mtoto, mvue kofia polepole, uangalie kama ameota nywele, utuandikie upesi. Kambi nzima inangoja.

Mama Mutuma