Nimeshinda Redio, Mchimbaji Wangu Kaninunia

Mpendwa Mama Paulina, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi niwie radhi. Mimi ni Bwanali wa Lisekese, nakusikiliza kwa redio niliyoishinda mwenyewe, naomba msaada wa mbinu za msimu ujao maana nimebaki peke yangu. Kila korosho zikiisha mnunuzi mmoja wa chuma chakavu hapa Masasi huazimisha mashine za kutafutia vyuma ardhini, tunashindana wawili wawili, mmoja anapitisha mashine, mwenzake anachimba, wenye mzigo mzito kuliko wote wanapata zawadi. Sijisifu, lakini mbinu ninazo: wengine hukimbilia kandokando ya barabara, mimi huenda kwenye mahame, walikoishi watu kabla ya kuhamishiwa vijijini, natafuta mafiga na udongo mweusi wa jalala, naishusha mashine karibu na ardhi, naenda polepole. Mchimbaji wangu siku zote ni Khalidi, jirani yangu, ambaye tangu mke wangu afariki na binti yangu Shakila aolewe Newala tulikuwa tunakula naye kila jioni.

Safari hii tulifika hame moja, mashine ikalia penye mawe yaliyopangwa, Khalidi akasema, "Baba Shakila, hapa tupaache. Hapa ni kwetu." Mimi nikacheka, nikamwambia kwenu si pale jirani na kwangu, nikachukua sururu nikachimba mwenyewe, likatoka jembe zito la zamani, halina mpini. Akaketi chini akasema, "Hilo la mama." Nami kwa haraka ya mashindano nikamjibu, "Basi mama katusaidia," nikalitia kwenye gunia. Tukashinda. Mzigo bado uko uani kwa mnunuzi, lori linangoja barabara ikauke. Nilimwambia Khalidi redio tutaisikiliza kwa zamu, lakini sasa nikimsalimu ananiitikia kwa kichwa tu, nadhani ni kijicho. Jioni nasonga ugali wa muhogo wa watu wawili kwa mazoea, nakula peke yangu, nawasha redio ili nyumba iwe na mtu. Nishauri, mama, nimchukue nani anichimbie?

JIBU

Baba Shakila, marahaba, maana nadhani nimekuzidi. Pole kwa upweke. Umeniuma, huo ugali wa wawili.

Sasa nikugombeze. Wewe unasikia chuma kilichofukiwa chini, lakini mtu aliyeketi mbele yako humsikii! Mawe yamepangwa, jembe limetolewa mpini, na wewe ni mzaliwa wa huko, umezika wako. Hujui jembe la mama huachwa wapi akishazikwa? Unajua sana, ila siku hiyo masikio yote uliipa mashine. Kijicho gani, baba? Khalidi amekuona ukichimba kaburi la mama yake, kisha ukamfanyia mzaha. Mimi ningekuwa yeye hata hicho kichwa nisingekutikisia.

Mbinu za mashindano usiniulize. Fanya hivi, na ufanye kabla barabara haijakauka. Nenda uani kwa huyo mnunuzi, mpe redio yako, akupe jembe. Akikushangaa, mwache ashangae. Usilisugue kutu wala usilitie mpini. Asubuhi nenda kwa Khalidi, piga hodi, usubiri mpaka aitikie kwa mdomo, hata ukisimama hapo mpaka jua kali. Usianze kujitetea kwamba hukujua. Mwambie, "Nimelileta la mama, nisamehe." Akikubali, mfuate mpaka kwao. Atangulie yeye, akuonyeshe mahali, na safari hii mchimbaji ni wewe.

Asipokubali siku hiyo, rudi kesho yake. Ugali endelea kusonga wa wawili.

Kipindi changu ni kila Jumatano, unakijua. Jumatano ijayo, Baba Shakila, sitaki unisikie.