Wimbo wa Shangazi Tuliousikia Polepole

Nyumbani,
Chumba cha mbele, karibu na cherehani,
Jumamosi, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Mwenye nyumba wako hajambo? Na piano yake, ile unayoigombeza katikati ya nyimbo, bado ina ile noti moja inayonung'unika kama mtoto aliyenyimwa kitu? Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini anasema ni vumbi la vitambaa, si ugonjwa. Mdogo wangu ameota meno mapya ya mbele na sasa hataki kufunga mdomo.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Unanijua, hata kwenye simu mimi huitikia tu. Lakini jambo hili nikilisema kwa mdomo litaniponyoka, kwa hiyo nimeona niliandike, nami nakuomba ulisome mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze jinsi kaseti zako zilivyoishi hapa. Ulipoondoka mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo nimekujua kwa sauti kuliko kwa sura. Kila ilipofika kaseti, Bibi alisimamisha kazi zote. Baba alitoa mguu kwenye cherehani, Mama akaisimamisha pasi wima, na redio kaseti ikawekwa juu ya meza ya kukatia nguo. Bibi hakutaka kabisa uimbe kwenye simu. Alisema sauti ya simu ni mgeni wa kupita, ya kaseti inakaa.

Nyimbo zako zilikuwa za ajabu, Shangazi, na mimi nilidhani nyimbo zote duniani ziko hivyo. Ule wa soksi ya kushoto inayomlilia mwenzake. Ule wa mwavuli uliosahauliwa ofisini, unaosikiliza mvua ikinyesha nje. Ule wa chai ya mtu mmoja, ambamo unaacha kupiga, unakunywa kweli, tunasikia kikombe kikiwekwa juu ya piano, halafu unaendelea. Nilipoanza shule nilimwimbia mwalimu ule wa soksi, naye akaniuliza kama nyumbani kuna matatizo.

Jambo moja tu lilitutia simanzi, nalo ni sauti yako. Kwenye kaseti ilikuwa nzito, ya kujikokota, kama ya mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Mdogo wangu aliwahi kuuliza kama Shangazi ni mwanamume. Bibi aliamini kwamba ugenini kumekuonea. Ulipopiga simu ukiwa mchangamfu, akishakata alisema, "Anajikaza tu huyo. Ukweli wake uko kwenye kaseti." Ndiyo maana hakuacha kukuhimiza unywe maji ya moto na ujifunge kitambaa shingoni. Nadhani ulichoka kumjibu kwamba koo lako ni zima.

Alioupenda kuliko zote ni ule wa viatu. "Viatu vya mama viko mlangoni, nitasema nini mie, nitasema nini." Ulitoka taratibu, noti moja moja, kama matone ya mwisho ya mvua kwenye bati. Bibi alisema, "Mwanangu ananikumbuka. Anaviona viatu vyangu." Jioni nyingi nilimkuta ameketi, redio mapajani, macho ameyafumba. Nami nilikaa chini karibu na miguu yake na kitabu changu, hatusemezani. Hakuna kitu ninachokitamani siku hizi kama jioni moja ya namna hiyo.

Kwa hiyo Bibi alipofariki, na viatu vyake vikawa bado viko pale pale mlangoni, Mama aliuanzisha wimbo huo kaburini, nasi sote tukaupokea kama tulivyoujua. Walilia hata watu wasiomfahamu. Baba akainua simu juu ili nawe usikie, kwa kuwa hukuweza kusafiri. Nawe ukacheka.

Nilikuwa nimesimama karibu, Shangazi, nilikusikia. Hakikuwa kicheko kidogo. Baba alisema, "Unamcheka mama yetu?" akakata. Yaliyofuata unayajua. Ulimtumia Mama ujumbe wa kuomba radhi, tena na tena, lakini hukueleza ulicheka nini, na Baba akasema radhi isiyo na sababu ni kama gauni lisilo na mshono, haivaliki. Tangu hapo jina lako halitajwi mezani. Kaseti alizitia kwenye mfuko wa vipande vya nguo akaziweka juu ya kabati. Hakuzitupa, na hilo ndilo lililonipa moyo.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita tulipewa insha juu ya sauti tunayoikumbuka. Nilitaka kuyanakili maneno ya wimbo wa viatu sawasawa, nikamwomba Mama ruhusa, nikaichukua kaseti mpaka maktaba ya shule, ambako kuna mashine ya masomo ya matamshi. Nikabonyeza. Ikatoka piano inayokimbia, inaruka ngazi mbili mbili, na juu yake msichana anaimba huku anahema na kujizuia kucheka. Nikaizima upesi, nikamwambia mkutubi, "Samahani, mashine yenu inakimbia."

"Haikimbii," akasema. "Hii imefundisha matamshi shule nzima." Akaweka kaseti ya masomo, na yule bwana wa matamshi akazungumza kawaida kabisa. Mkutubi akanitazama juu ya miwani. "Basi ya kwenu ndiyo inayotembelea mkongojo."

Nikausikiliza tena, na kwa mara ya kwanza nikauelewa. Ni binti aliyechelewa kurudi. Alitaka kufika kabla ya mama yake, na sasa anaviona viatu vya mama vimeshatangulia mlangoni, naye hana hata uongo mmoja ulioiva. Ni wewe, Shangazi, sivyo? Tulimzika Bibi kwa wimbo wako wa kuogopa viboko.

Nilicheka peke yangu pale maktabani. Halafu nikalia, kwa sababu Bibi ameondoka akidhani una huzuni.

Kumwambia Baba hakukuwa rahisi. Nilingoja amalize sare za wateja wake, nikamwambia, "Baba, redio yetu ndiyo mbovu, si Shangazi."

"Nani kamtaja mtu hapa?" akasema. Lakini aliishusha redio, akaifungua kwa bisibisi ya cherehani, akachungulia. Ndani kuna mkanda mdogo wa mpira unaozungusha kaseti, nao ulikuwa umelegea kama lastiki ya suruali kuukuu. Akauvuta kwa kidole. Baba anaijua mikanda. Mkanda wa cherehani ukilegea, gurudumu hujikokota. Kisha alikwenda kwa fundi redio, akarudi na mkanda mpya, akautia mwenyewe.

Tulikaa wote. Ukaimba kwa sauti yako, ile ile ya kwenye simu. Ulipofika "nitasema nini mie", Baba akaishika meza kwa mikono miwili. Nilidhani amekasirika. Kumbe anacheka, machozi yanamtiririka. Akamwambia Mama, "Siku hiyo mimi ndiye niliyemfungulia dirisha. Na mama yetu alikuwa ameketi chini ya dirisha hilo hilo, anatungoja wote wawili."

Tukazisikiliza zote upya. Ule wa mwavuli kumbe ni wa kucheza. Mama alicheza na pasi mkononi mpaka Baba akamwambia aiweke chini, asije akaunguza suti ya mtu.

Lakini hajakupigia, Shangazi. Anaishika simu, anaitazama, anairudisha mfukoni. Anaona haya. Jana nilipoanza barua hii alipita nyuma yangu, futi kamba shingoni, anatafuta chaki iliyokuwa sikioni mwake.

"Unamwandikia nani?"

"Shangazi."

Akasimama kidogo. "Mwambie Jumapili mchana huwa niko nyumbani." Akaenda zake. Kisha kutoka chumba cha pili akasema tena, "Kila Jumapili."

Wewe unamjua kaka yako kuliko mimi. Huko ndiko kuomba radhi kwake, na sidhani kama atafika mbali zaidi peke yake. Tafadhali piga.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wangu anasema sasa anaamini kwamba wewe ni mwanamke. Mpe mwenye nyumba salamu zetu. Mungu akutunze utokapo na uingiapo, akupe afya na watu wa kukuchekesha.

Na ukipiga, simu ikapokelewa na usisikie mtu akisema, usikate. Atakuwa ni yeye.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,
Bi Vitabu