Mama Alipoitwa Ndau

Mjukuu wangu Salma,

Asalaam aleikum. Huku Wiyoni tu wazima, alhamdulillahi. Babu yako amepata miwani mipya, sasa hatuachii gazeti.

Umeniuliza kama mama yangu, aliyeishi miaka tisini na ushei akipendwa na kila mtu, hakuwahi kumkasirikia yeyote. Alikasirika sana, mwanangu. Bi Zena wa kisiwa cha Ndau alimzulia uongo uliotuumiza mwaka mzima. Kisha Bi Zena akashikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto akakataa kutoka. Mama ndiye aliyekuwa mkunga hodari, basi mume wa Bi Zena akaja kwa mashua kumwomba. Mama alichukua mkoba wake, nami, msichana wa miaka kumi na mitano, nikamfuata.

Alipomwona Mama, Bi Zena aligeuza uso akalia. "Nilikusema vibaya, Bi Khadija."

"Hayo tutayasema baadaye," Mama akamjibu. "Sasa nishike mkono, usukume."

Alasiri mtoto wa kike alizaliwa, mzima kabisa.

Tukiwa mashuani kurudi nilimwuliza, "Mama, umemsamehe?"

"Bado," akasema. "Lakini mtoto hangeweza kungoja nimsamehe mamake kwanza."

Alikuja kumsamehe, ila ilimchukua muda mrefu. Tangu siku ile, nikikasirika, singoji moyo utulie ndipo nifanye linalonipasa. Mara nyingi moyo hunifuata wenyewe.

Mola akuhifadhi huko uliko.

Bibi yako,
Mwanaisha