Blanketi la Bibi Limetangulia Mshenga

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Mgongo unaendeleaje tangu mmalize kupalilia vitunguu? Na joto la huko Ruaha Mbuyuni, bado mnalala madirisha wazi? Mimi huku Mbeya ni mzima wa mwili, ila moyo umekaa juu juu. Barua hii nimempa kondakta wa basi akukabidhi mkononi, kwa sababu kwenye simu ungenikatisha katikati, na jambo lenyewe ukilisikia nusu utanilaumu mara mbili.

Blanketi la bibi limetoka, mama. Lile la mahari ya Tumpe, ulilonitumia nilitunze hadi Baba Mdogo aje kuwa mshenga wetu nyumbani kwao. Limetoka, na aliyelitoa ni mimi.

Kiongozi wa kwaya ya kanisani kwao aliniambia nikirekodi vizuri wimbo mmoja tu, kazi ya kwaya nzima nitapewa mimi. Wimbo wenyewe ni wa Kinyakyusa, wa zamani, na anayeujua wote ni bibi yake Tumpe. Studio yangu uliiona kwenye picha: chumba kimoja, maiki ya mtumba, kompyuta ya kuazima. Kuta ni saruji tupu na juu ni bati. Ukisema neno, linakurudia kama umeingia kwenye tenki la maji. Watu wakanishauri nibandike trei za mayai. Nikaomba trei kwa wauza chipsi wa mtaa mzima, nikabandika, mwangwi ukabaki vilevile. Kumbe kinachomeza sauti ni kitu kizito. Nikaegemeza godoro mlangoni, maiki nikaivisha soksi ili pumzi zisipulize, na nyuma ya anapokaa mwimbaji nikatundika blanketi lako kwenye kamba. Mama, chumba kilinyamaza! Nilipiga makofi, hakuna kilichorudi. Nikajiona fundi. Nikasema nitalikunja baadaye, nani atajua?

Jumamosi mchana Bibi akaja na Tumpe na yule kiongozi wa kwaya. Alikuwa na koti la nailoni linalochakarisha kila akipumua. Nikamwomba alivue. Akalivua, akabaki na blauzi na kitenge, na baridi ya mwezi huu unaijua kwa kusimuliwa tu.

Alipoanza kuimba nikasikia mtetemo kwenye hedifoni. Nikadhani ni waya. Nikabadilisha waya, mtetemo upo. Nikasogeza maiki, nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya nne Tumpe akaninong'oneza, "We Lusungu, achana na hiyo kompyuta. Mwangalie bibi."

Nikamwangalia. Alikuwa anatetemeka mama, midomo imepauka, na blanketi lake mwenyewe limetundikwa nyuma ya mgongo wake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nikalishusha, nikamfunika. Mwangwi ukarudi kidogo, sikujali. Akaimba mara moja, sauti imetulia, na sote tukajua ndiyo hiyo. Kisha akalipapasa pembeni, akakuta lebo ya dukani.

"Jipya hili. La nani?"

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Ningeweza kusema ni langu. Ningeweza kucheka tu. Nikasema, "Lako, Bibi."

Tumpe akashika kichwa. Kiongozi wa kwaya akakohoa, akatazama chini. Bibi akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu," akajitanda nalo vizuri, akaondoka nalo.

Jioni baba yake Tumpe akapiga simu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kijana, kwetu blanketi la bibi haliingii ndani bila mshenga. Wewe umelitoa kwa mkono wako, mbele ya shahidi. Huna watu? Umeota kama uyoga?"

"Ninao, mzee."

"Basi mshenga asije kwanza. Aje aliyekuzaa, aseme hapa kwangu kama blanketi hili analijua. Jumamosi ijayo ikipita hatujamwona, linarudi kwako, na habari ya binti yangu imeishia hapo."

Tumpe anasema baba yake hasemi jambo mara mbili. Ila hata kulirudisha wanashindwa. Bibi analala nalo, anaota moto nalo, na mwanawe alipolidai akamjibu, "Likirudi Ruaha Mbuyuni, na mimi narudi nalo." Tumpe alinisimulia huku anacheka na kulia. Mzee ndiyo kwanza kakasirika zaidi.

Najua shamba halina wa kuliangalia. Najua pia tangu baba atutoke hupendi kukaa mbele ya watu wakuhoji. Nisamehe, mama. Miaka mitatu hapa mjini nimejifanya najitosheleza, kila kitu naunga mwenyewe kwa soksi na kamba. Hili siwezi kuliunga.

Msalimie Baba Mdogo, mwambie asikasirike, mdomo wake tutauhitaji bado. Msalimie dada Neema na wanawe, na shangazi aliyenifundisha kuimba akipika. Jirani zetu wa pampu ya maji wote nawasalimu.

Panda basi la Ijumaa, nitakusubiri stendi na koti. Wameniuliza kama nina watu, mama. Njoo wakuone.

Ni mimi mwanao,
Lusungu