Mikono ya Mwoka Mikate

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila jua la huku juu ya minara ya simu limenibabua.

Kaa kwanza: nimepata mchumba! Ni mwoka mikate wa mtaani kwangu. Mwaka mzima anajifunza lugha ya alama ili akuombe ruhusa mwenyewe, na simu ya video ndiyo hiyo, mkono ukiinuka picha inaganda. Sasa kampuni yetu inafunga mtandao mpya huko kwako, wa masafa ya juu sana ya redio. Picha zinakimbia, Baba, hutaamini! Fundi mwenzangu atakufungia kisanduku dirishani, kitazamane na antena ya barabarani. Tutakupigia Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika, mimi siusikii, si unajua mimi kiziwi.

Mwoka mikate, eh? Haya, tutamwona. Ila jibu langu silitoi kwenye karatasi. Anayemtaka binti yangu aongee nami uso kwa uso.

Kisanduku kimeshafungwa, lakini yule mwenzako amekiacha uchi! Mvua je? Nimekitengenezea kibanda cha bati, kimefunika pande zote, na pembe nimezitia lehemu. Hata sisimizi hapiti.

Baba yako, fundi bati

2 Aprili

Baba jamani!

Shikamoo. Jumapili tulipiga mpaka chai ikapoa, picha hakuna. Mchumba wangu na shati lake jipya akadhani umemkataa, akashindwa kula. Mimi nikakagua minara yote. Leo ndiyo naipata barua yako. Bati, Baba? Mawimbi ya mtandao huu yana mbio lakini yanadeka: majani yanayalegeza, ukuta unayakwamisha, na bati linayarudisha yalikotoka! Kisanduku hakiogopi mvua. Bandua, tafadhali. Tutapiga tena Jumapili ya nne ya mwezi huu.

Mwanao anayecheka na kulia

Jumatatu baada ya simu, Aprili

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, hapa tu wazima na furaha tele. Nilibandua kwa uchungu, maana lehemu ile ilitoka safi sana.

Jana kila kidole nilikiona. Jibu nililitoa kwa mikono yote miwili, mkaruka kama watoto. Naandika kwa sababu kuna jambo nilishindwa kulisema mbele ya mwoka mikate wako.

Alikosea ishara, akaanza upya, akakosea tena. Makusudi sikumsaidia, nimtazame. Watu wakifika hapo hunigeuzia kisogo, wanakuomba wewe uwatafsirie. Na kweli uliinua mkono umsaidie. Akaushusha mkono wako taratibu, akaendelea mwenyewe, jasho linamtoka, mpaka akamaliza.

Tangu mdogo umekuwa mdomo wangu: dukani, hospitalini, kwa mwenye nyumba. Hukuwahi kulalamika, nami nilikuwa naumia. Jana, mara ya kwanza, nilikuona umekaa tu pembeni, unacheka, binti wa mtu tu, si mkalimani.

Olewa naye, mama.

Baba yako